Wimbo Wenye Shimo

Mteja akija kibandani kwa Marsela akauliza nyimbo za gitaa aanze na zipi, mimi humwambia aanze na "Makopo" ya wale vijana wanaojiita Kiwanda Kidogo. Marsela humwambia aanze na "Sijafika" ya wale dada wawili wa Nakuru, Ukuta Mmoja. Hapo ugomvi umeshaanza. Mteja mwenyewe, ambaye mara nyingi alikuja kuwekewa kwaya au singeli, anabaki na memori kadi yake mkononi anatutazama kama watu wanaogombania kiwanja.

Kibanda kiko nyuma ya soko la Karatu, ubavuni kwa fundi viatu. Watu wanaleta flashi na kadi, Marsela anawajazia nyimbo. Mimi sina kazi pale, nina kigoda tu. Nimezunguka sana. Nimechimba Mirerani, nimelima mashamba ya watu Samunge, nimepika kwenye malori ya watalii yaliyotoka Nairobi kwenda mpaka Zambia. Shule nimeisoma vipande vipande, darasa hili Mbulu, lile Babati, na mengine nikayamalizia kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Ugonjwa wa gitaa niliupata kwenye malori. Wale vijana wa Kizungu walikuwa na kanda za bendi ambazo hata wao walisema hakuna anayezijua, bendi zilizorekodi stoo au jikoni kwa mama, bila kampuni nyuma yao. Wenyewe wanaiita indi. Siku hizi zipo mpaka Nairobi na Arusha, na Marsela huzisaka mtandaoni kama mtu aliyepoteza mbuzi.

"Makopo" naipenda kwa sababu haina aibu. Mpiga ngoma wao hakuwa na ngoma, akakusanya ndoo za rangi na madebe ya mafuta akayagonga hayohayo. Wimbo unaingia kwa kishindo, na mguu wako umeshaanza kutikisika kabla hujaamua kama umeupenda.

"Sijafika" hauna ngoma. Una gitaa moja ambalo waya wake mmoja umelegea kidogo, na hawakuukaza, wameuacha ulie hivyohivyo. Dada anaimba kama anazungumza na mtu aliye chumba cha pili:

Niachie taa, niachie mlango,
nipo njiani, sijafika.

Halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka unaangalia kama umeme umekatika. Ndipo gitaa linarudi.

"Wimbo gani huu una shimo katikati?" nilimuuliza Marsela siku ya kwanza. "Mtu anaweza kutumbukia."

"Babu, hilo shimo ndilo wimbo wenyewe," akasema. "Nyimbo zako zimejaa mpaka mlangoni, mtu hana pa kukaa. Huu umeniwekea kiti."

Na kila kimya kilipofika aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Kama mtu anayebisha hodi. Hata akiwa anabishana na mteja, mkono ulikwenda wenyewe. Mimi ilinikera.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa ya Julai, mahindi yamekauka mashambani, baridi imekaa mjini tangu asubuhi. Marsela alikuwa amepanda kwa mama yake, Brigita, ambaye shamba lake ni la mwisho kabla ya msitu wa Ngorongoro. Wanawake wa kule walikuwa na ruhusa siku hiyo kuokota kuni zilizoanguka ukingoni mwa msitu, na Brigita alikuwa ameteguka mguu, kwa hiyo binti akaenda badala yake. Mimi niliachiwa kibanda.

Alasiri simu ya Marsela ikaita. Iliita hapo hapo mezani, kwenye chaji. Nikapokea.

"Marsela! Uko wapi wewe? Wenzako wote wametoka!" Ilikuwa sauti ya Modest, mwenyekiti wa kitongoji chao.

"Siyo Marsela. Ni mimi Hhando. Simu ameiacha huku."

"Kwa hiyo hana simu."

"Hana. Kuna nini?"

"Ukungu umeshuka ghafla, mzee. Wanawake wamekimbilia nje, wameitana majina, yeye hayupo. Njoo."

Nilifungua droo kutafuta kufuli. Ndani nikaona pampu yake ya pumu. Alisema anakwenda mara moja tu, kumbe mara moja hiyo ilimfanya aache vyote viwili. Marsela pumu yake huamshwa na baridi. Ikimshika hawezi kupiga kelele, hawezi hata kusema maji. Nikaitia pampu mfukoni. Kufuli la kibanda halishiki, kwa hiyo ile spika kubwa ya betri anayovutia wateja, yenye kadi ya nyimbo zake zote, nikaifunga mgongoni kwa kanga yake, nikapanda bodaboda.

"Babu unahamia?" dereva akauliza.

"Endesha."

Tulipoiacha lami inayokwenda geti la Lodoare, ukungu ukatumeza. Kabla sijamwona mtu nilisikia madebe. Kule juu kila shamba lina debe lake. Tembo wanatoka msituni kufuata mahindi, na anayewaona analipiga, wa shamba la jirani naye anapiga lake, mpaka wageuke. Siku hiyo yalikuwa yanalia yote pamoja, kengele ya hatari mlima mzima.

Nilimkuta Brigita amekaa juu ya gunia ukingoni mwa shamba, mguu umefungwa kitambaa, macho yako msituni. Modest alikuwa mbele na watu wake, wanagonga na kuita kwa zamu.

"Gongeni! Asikie!" alikuwa anasema. "Atafuata sauti."

"Ana pumu," nikamwambia. "Na pampu ninayo mimi hapa."

Modest alinitazama, akatazama juu ambako jua lingekuwa kama lingekuwepo. "Basi tugonge zaidi. Giza likiingia na baridi hii, mzee, hatutafuti tena mtu aliye hai. Nyati wako humo. Na tembo wamepita muda si mrefu, kinyesi chao bado kina mvuke."

Wakagonga zaidi.

Msituni akatoka Lembris, tope mpaka magotini, shuka limelowa. Ni Mmasai wa kule ndani, Nainokanoka, amekulia na ng'ombe kwenye ukungu kama huu. Sasa ni mlinzi wa loji jirani na alikuja aliposikia kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Brigita, akachuchumaa.

"Yeyo, mama, nimeona nyayo zake. Ndala moja imekatika mkanda?"

"Ya kushoto," Brigita akasema. "Nilimwambia avae buti."

"Basi ni yeye. Alikuwa anakuja huku vizuri kabisa, amebeba mzigo, hatua fupi. Amefika pale kwenye mti mkubwa, karibu tu, angetema mate yangewafikia. Halafu amesimama. Halafu amegeuka, akashuka korongoni. Hatua ndefu. Anakimbia."

"Anamkimbia nani?" Modest akauliza.

"Sijui. Nyayo za mnyama hakuna. Anakimbia tu, na kila akisimama anakimbia tena."

Brigita alishika mdomo. Alibaki hivyo mpaka nikadhani mguu umemuuma.

"Acheni," akasema. Hakuna aliyemsikia kwa kelele. Akasimama kwa mguu mmoja, akapiga ukelele ambao sikujua mwanamke mdogo vile anao. "Acheni hayo madebe!"

Yakanyamaza, moja moja.

"Nilimfundisha mwenyewe," Brigita akasema. "Tangu anatambaa. Ukisikia debe, tembo yuko huko, nenda upande wa pili, usiulize. Modest, nawe ulifundishwa hivyo hivyo. Kila mtu hapa. Mtoto wangu mnamfukuza."

Watu walitazama madebe mikononi mwao. Mmoja akaliweka chini polepole kama yai.

Modest hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na akili. "Sawa, Mama Marsela. Lakini tembo wenyewe wapo kweli. Tukinyamaza, nani anawaambia wasije? Nitaingizaje watu humo kimya kimya?"

"Usiingize watu," Lembris akasema. "Ingia wewe na mimi."

"Na mimi," nikasema. "Nina spika."

Modest akaiona sasa kanga mgongoni mwangu. "Mzee Hhando, huu si wakati wa muziki wako."

"Jina lake mmeliita mpaka mmekaukiwa. Korongo linarudisha sauti, hajui inatoka wapi. Atajuaje ni watu wake?"

"Basi weka kwaya. Ni mwanakwaya."

"Kwaya inalia kanisani, inalia lojini, inalia kwenye kila basi linalopita barabarani. Akisikia kwaya atajua kuna Wakristo Karatu, na hilo analijua. Tunahitaji wimbo ambao wilaya nzima hakuna anayeupiga isipokuwa mimi na yeye."

Lembris alicheka kidogo. "Hizo unazo nyingi, mzee. Nimepita pale kibandani."

Tukaingia. Chini ya miti ukungu ulikuwa mzito zaidi, umening'inia kwenye ndevu za miti, unadondoka matone. Lembris mbele, mimi katikati, Modest nyuma na panga lake. Kinyesi cha tembo nilikikanyaga kabla sijakiona. Kwenye ukingo wa korongo Lembris akasimama.

"Hapa."

Niliweka spika juu ya jiwe. Nilifikiria kitu kimoja tu, sauti ifike mbali. Nikaweka "Makopo".

Ndoo na madebe ya wale vijana yakalipuka korongoni. Mwanzo nilifurahi, maana sauti ilijaa kila mahali. Kisha huko chini tawi likavunjika, na jingine, mbele zaidi. Lembris alinirukia akaizima spika kwa kiganja chote.

"Mzee! Umepiga debe!"

Nilisimama pale na aibu imenikausha mate.

"Kitu kimekimbia," akanong'ona. "Kina miguu miwili."

"Sasa amekwenda mbali zaidi," Modest akasema. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea.

Nikautafuta ule mwingine. Kidole kiliteleza kwenye vitufe kwa unyevu, ikaingia kwaya, ikaingia tangazo la duka, ndipo nikasikia ule waya uliolegea.

Niachie taa, niachie mlango...

"Huyu anaumwa?" Lembris akauliza.

"Nyamaza."

Wimbo ulikuwa mdogo mle msituni. Kibandani niliuona mwembamba, hapa ulikuwa uzi. Lakini ulikwenda moja kwa moja. Haukurudi nyuma kwa mwangwi kama kelele zetu, kwa sababu haukuwa na kishindo cha kurudisha. Dada akafika kwenye "sijafika", na shimo likafunguka.

Tukasikia matone. Tukasikia Modest anavyopumua. Halafu, juu yetu upande wa kulia, tukasikia mngurumo mzito wa chini kabisa, kama lori lililosimama bila kuzimwa.

Modest aliinua panga, kana kwamba lingesaidia. Lembris alimshika mkono akaushusha. Alilowesha kidole, akakiinua. "Upepo unatoka kwao," alisema kwa midomo tu.

Gitaa likarudi. Nilitaka kuzima. Lembris akatikisa kichwa: rudia.

Nikarudia. Nilishikilia spika kama mtu anayeshikilia sufuria ya moto. Taa, mlango, njiani, sijafika. Shimo.

Ko, ko.

"Kigong'ota," Modest akanong'ona.

"Ngoja," nikasema.

Nikarudia tena. Sehemu za kuimba, hakuna kitu. Shimo lilipofunguka tu, chini kushoto, mti ukagongwa. Ko, ko.

"Kigong'ota hajui wimbo," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Tukashuka. Kila wimbo ulipofika shimoni tulisimama, tukasikiliza, Lembris akaelekeza kwa fimbo, tukashuka tena. Miguu iliteleza, nilikaa chini zaidi ya mara moja, nikainuka na spika kifuani. Nyuma yetu tembo walikuwa wanasogea pia, hawana haraka, matawi yanalalamika njia nzima. Kugonga kulikuwa kunapungua nguvu. Ko ya pili ilichelewa.

Hapo yule mwanamke aliyemo ndani ya spika za Kichina akasema kwa Kiingereza chake kitamu kwamba betri inakwisha. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Dada wa Nakuru akafika "niachie mla—" na kila kitu kikafa.

Tulitazamana. Ukungu ulikuwa umeanza kuwa wa buluu, ile rangi ya kukaribia magharibi.

"Imba," Lembris akasema.

"Mimi?"

"Wimbo ni wa kwako na yeye. Mimi naujua? Mwenyekiti anaujua? Imba, mzee."

Sauti yangu ni ya kuitia punda. Na wimbo ule nilikuwa nimeutukana kwa muda mrefu hata sikutegemea kwamba ninao mwilini. Nilianza.

Niachie mlango, niachie taa...

Nilijua nimegeuza. Niliendelea. Nipo njiani, sijafika. Kisha nikafunga mdomo, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuimba. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuita jina lake, kusema nimekuja, nina pampu, usiondoke. Nilijing'ata ulimi nikaliacha shimo wazi.

Hakuna.

Niliimba tena, chini zaidi, kama yule dada anavyoimba, kwa mtu wa chumba cha pili. Nikanyamaza. Matone. Tembo. Matone.

Ko.

Kisha, baada ya muda ambao hata wimbo wenyewe hauna, ko.

Ilikuwa chini ya miguu yetu. Lembris aliruka, nami nikaserereka kwa makalio kumfuata. Marsela alikuwa ameketi kati ya mizizi ya mti ulioanguka, jiwe mkononi, mzigo wa kuni pembeni bado umefungwa vizuri. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, mabega yanapanda na kushuka, pumzi inapiga filimbi. Alinitazama, hakuweza kusema. Nikampa pampu. Alivuta. Akangoja, akavuta tena.

Modest alikuwa bado anateremka alipoganda. Lembris alitukandamiza sote chini ya gogo.

Tembo walipita juu yetu, kwenye njia ileile tuliyotoka. Sikuwaona wote. Niliona mguu, kama shina la mti uliopakwa tope, ukiwekwa chini kwa upole ambao mtu hawezi. Niliona mtoto wao ameshika mkia wa mama. Tulikuwa wanne tumebanana kama kuni, na kelele pekee iliyotoka kwetu ilikuwa filimbi ya kifua cha Marsela. Alijaribu kuizuia pumzi, ikawa mbaya zaidi. Nilimshika mkono, nikamgongea kiganjani kwa kidole, polepole, taa, mlango, njiani. Akapumua kwa mwendo huo. Filimbi ikashuka. Mguu wa mwisho ukapita.

Tulingoja mpaka ukungu ulipofunga nyuma yao.

"Nilisikia debe," Marsela akasema. Ilikuwa sauti ya karatasi. "Nikajua wako huko juu. Nikashuka. Debe likazidi, nikashuka."

"Tunajua," Modest akasema. "Nisamehe, dada."

"Halafu likaja debe kubwa kuliko yote."

Nikatazama viatu vyangu.

"Babu, ile ilikuwa 'Makopo'?"

"Ilikuwa 'Makopo'."

"Hata tembo wangeikimbia." Alikohoa, akavuta pumzi. "Na umegeuza maneno. Ni taa kwanza."

"Mgonjwa huyu amepona," Lembris akasema, akambeba mgongoni kwa kanga ileile iliyobeba spika. Kuni alizichukua Modest bila kuambiwa.

Tulipotoka msituni mwanga ulikuwa wa mwisho kabisa. Watu walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba na hakuna aliyekohoa. Brigita alikuwa ameyakusanya madebe yote yaliyokuwepo, ameyapanga moja ndani ya jingine, na ameyakalia. Alituona tunakuja. Hakuinuka. Alingoja mpaka Lembris alipochuchumaa mbele yake na yeye akamshika binti yake usoni kwa mikono miwili, kulia na kushoto, ndipo akaamini kwamba hakuna tena wa kumfukuza, akasimama kutoka kwenye yale madebe.

Ndani kwake moto uliwashwa kwa kuni zilezile. Modest alikaa na kikombe cha chai kimempoa mkononi.

"Kesho nitaleta memori kadi," akasema hatimaye. "Nyimbo hizi za gitaa. Mtu anaanza na upi?"

Marsela, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, alinigeukia. Mama yake akanigeukia. Lembris akanigeukia.

"Anza na 'Sijafika'," nikasema. "Usikilize ukiwa peke yako. Usiogope pale unapokatika, haujaharibika. Pale ni pako."

"Na baada ya huo?"

"Baada ya huo, ukishauzoea, kuna wimbo mmoja mzuri sana unaitwa 'Makopo'."

"Huo," Brigita akasema, "haupandi mlima kuja huku."